Tableti ya Chiriku

Jumanne, 3 Juni

Kwako mwanangu, kifungua mimba wangu,

Kabla sijasema lolote, sisi ni wazima, usije ukaisoma barua hii huku moyo unakudunda. Mimi ni miguu tu, na hiyo miguu ni ya siku zote. Mdogo wako Chiriku hajambo, amenenepa. Gauni ulilomletea nimelifumua upindo wote na bado linambana.

Siku hizi hupigi simu. Mara ya mwisho sauti yako ilikuwa inakwaruza kama mlango wa bati, nikasema ni mtandao. Simu yangu unaijua, kioo kimekufa, inapiga na kupokea basi, ukiniandikia ujumbe sioni kitu. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi ambaye kalamu naiona kama sindano ya hospitali. Makosa utanisamehe. Shule niliishia mlangoni.

Kilichonifanya niandike ni tableti ya Chiriku. Imevimba. Usicheke. Mgongo umetuna kama tumbo la mbuzi aliyekula mahindi makavu, na kioo kimeinuka upande mmoja, ukucha unapita. Nikiichaji inapata moto hadi nashindwa kuishika. Nilimpelekea yule binti wa duka la simu pale kona, akaishika kwa vidole viwili, akasema mama, hili ni bomu. Betri yake haipatikani tena. Ila zimetoka mpya, toleo la mwaka huu. Nikiwaachia hii na kuongeza kidogo, natoka na mpya. Yeye anaziita vishikwambi. Aliponiambia "mama, kishikwambi chako kimezeeka," nilidhani ananitukana, nikajitazama.

Shida ni hii. Zile picha anazobonyeza Chiriku ili zimsemee atazihamisha, lakini sauti yako haihami. Anasema programu ile ni ya zamani mno, mpya haiisomi. Lazima useme upya, picha moja moja. Hata kwa simu anaweza kukurekodi, wewe upige tu, useme maji, njaa, naumwa, twende, yote kama ulivyosema mwanzo.

Unaikumbuka siku ile? Wewe unasema "maji", mimi natokea jikoni napiga kelele, "Nani kaacha mlango wazi?" na kelele yangu ikaingia humo humo. Hadi leo Chiriku akiona mlango uko wazi anabonyeza Maji. Mgeni anakimbilia kikombe, anamletea, Chiriku anamtazama kama mtu aliyeletewa kiatu.

Mwanangu, sauti yako ndiyo sauti yake. Akiumwa, ni wewe unayeniambia "naumwa". Nikiwa uani nasikia "Mama", naitika, halafu ndipo nakumbuka kwamba wewe uko mbali.

Sasa niamulie. Nibadilishe au nisibadilishe? Na lini utapiga?

Ni mimi mama yako


Alhamisi, 12 Juni

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Mwenzangu Spana, yule wa injini, aliiokota mezani akadhani imetoka kwa mchumba. Alipofika kwenye miguu akairudisha.

Mama, usibadilishe tableti. Nakuomba. Iweke mbali na kitanda, usiichaji mkiwa mmelala, na ikipata moto izime ipumzike. Mpya husifiwa siku zote. Gari likitoka kwangu limepakwa rangi kila mtu analisifu, lakini mimi niliyelipaka ndiye ninayejua kutu iko wapi.

Simu yangu imeharibika kipaza sauti. Nasikia, ila sisikiki. Na hata ingekuwa nzima, nina mafua ya rangi yamenikaa kooni, nikirekodi sasa Chiriku ataogopa. Subirini nikae sawa.

Kuna kazi kubwa hapa mwisho wa mwezi, huenda nikawa kimya kidogo. Usiwe na wasiwasi.

Mfungie Chiriku mlango.

Mwanao


Jumamosi, 21 Juni

Mwanangu,

Ukimwambia mama yako asiwe na wasiwasi ni sawa na kumwambia kuku asichakure.

Nilikuambia zamani, ukipiga rangi funga kitambaa mdomoni. Ukasema kinakupa joto. Sasa je? Chemsha tangawizi, tia asali, unywe ikiwa moto. Asubuhi sukutua maji ya chumvi. Usiongee sana wakati koo linauma, liache lipumzike.

Nimesema usiongee sana, sikusema usiongee na mimi. Nilimpigia yule Spana. Namba yake uliniandikia mwenyewe nyuma ya picha, ukasema ni ya dharura. Nikamwambia nipe mwanangu. Akasema, "Mama, kwa sasa hawezi kuongea." Nikamuuliza, hawezi kuongea na mama yake mzazi? Akasema, "Hawezi, mama." Nikakata. Sikumuaga.

Hata wakubwa wenye walinzi mlangoni wana nafasi ya kuongea na mama zao. Wewe unapaka milango ya magari, huna nafasi.

Nimekaa nawaza vibaya. Nimewaza labda umepata mwanamke, naye hataki kelele za kwenu. Kama ndivyo, mlete nimwone, sing'ati. Nimewaza pia labda umekua sasa, unaona haya mdogo wako kutembea na sauti yako mitaani akiomba choo mbele za watu. Wazo hili limenikalisha chini. Ulimrekodia mwenyewe, hakuna aliyekulazimisha. Ulimpa jina la Chiriku mwenyewe, siku ile alipobonyeza Maji mfululizo hadi tukaziba masikio. Ulicheka, ukasema huyu tulidhani ni bubu, kumbe chiriku.

Nitasubiri kama ulivyosema. Lakini mimi ndiye ninayesubiri, betri haisubiri.

Mama yako


Jumatatu, 7 Julai

Mama,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Kama Chiriku yuko karibu, mshike mkono.

Sikuwa na mafua. Ulikuwa uvimbe kooni, ule mbaya. Sauti imekuwa ikinikwaruza tangu mwaka jana, na nilipokwenda kuonwa walisema nimechelewa. Hiyo kazi kubwa ya mwisho wa mwezi ilikuwa kulazwa. Wamekata pale sauti inapotokea, wametoa kila kitu. Sasa napumua kwa tundu shingoni. Nakula kidogo, natembea, nakaa kibarazani na wenzangu wa wodi. Ila sauti sina, Mama, na haitarudi. Spana alikuambia ukweli, sikuweza kuongea. Alilia baada ya wewe kukata simu.

Sikukuambia kwa sababu ya presha yako. Baba alipokufa ulianguka uani na Chiriku ndiye aliyekuona, akabonyeza "Mama, Mama" hadi majirani wakaja. Nikasema ngoja nipone nusu, nitakwenda mwenyewe, nimwonyeshe nikiwa nimesimama.

Na nilikukataza kubadilisha tableti nikashindwa kukuambia kwa nini. Sababu ni hii. Kabla hawajanikata nilitaka nirekodi tena, nikajaribu kwa simu ya Spana. Ilitoka kama mtu anaburuta bati. Nikajua kwamba sauti yangu imebaki mahali pamoja tu duniani, nayo ni ndani ya hiyo tableti iliyovimba.

Huku hospitali kuna fundi anayewatengenezea wagonjwa kama sisi. Nimemwandikia kwenye karatasi, akasema maneno yaliyorekodiwa yanaweza kutolewa kwenye kifaa cha zamani, hata kibovu, mradi hakijafutwa, yakawekwa kwenye kingine. Basi nikibonyeza, nami nitasema. Si maneno mengi. Sina "bei gani", sina "gari liko tayari". Lakini nina maji, nina njaa, naumwa, bado, sitaki, twende, Mama. Mtu anaweza kuishi kwa maneno hayo. Chiriku ameishi.

Kwa hiyo izime, Mama, ifunge kwenye kitambaa kikavu, uiweke juu ya kabati isiguswe. Nikiruhusiwa nakuja kuichukua.

Usilie sana. Kipo cha kulilia, lakini kidogo kidogo.

Mwanao


Jumatano, 9 Julai

Mwanangu mpendwa,

Sijapata barua yako, lakini leo siandiki kwa kununa. Nina habari, na ukinigombeza nitavumilia.

Jumapili Chiriku alikuwa amekaa na tableti yake mapajani, mimi nakunja nguo. Nikasikia harufu kama ya waya unaoungua. Kugeuka, moshi mwembamba unatoka ubavuni, naye ameikumbatia, haachii, anabonyeza "naumwa, naumwa". Niliipokonya nikaitupa kwenye sakafu ya uani. Paja limeungua, si sana, ngozi imejaa maji, nimempaka dawa. Usiku ule sikuwa mtu.

Kesho yake niliifunga kwenye kopo, nikampelekea binti wa duka. Mwanangu, nilikumbuka maneno yako. Nilisimama pale kaunta nikiyakumbuka. Nikasema, amenikataza, lakini amenikataza akiwa mbali, hajaona paja la mdogo wake. Nikasema tena, sauti si ina mwenyewe, na mwenyewe si yuko hai? Kisima kipo, ndoo ikitoboka unachota kwa nyingine.

Wakiichukua ya zamani lazima ifutwe kwanza, ndiyo sheria ya duka. Binti aliiwasha, ikawaka kwa shida, likatokea swali kwenye kioo. Nikamwambia nisomee. Akasema, "Linauliza, una uhakika?" Akaniambia nibonyeze mwenyewe kwa kuwa mimi ndiye mwenye mali. Nikabonyeza.

Mpya ni nzuri, sikufichi. Nyembamba kama sinia, inang'aa, haipati moto. Ndani yake kuna mwanamke anayesema kila kitu, sauti laini kama ya mtangazaji wa redio. Chiriku alibonyeza Maji. Yule mwanamke akasema "maji." Chiriku akasubiri. Akabonyeza tena, akaweka sikio kwenye kioo. Halafu akaenda mlangoni, akachungulia nje, akarudi, akaigeuza tableti kifudifudi. Tangu hapo hajaigusa. Ananivuta nguo tu kama alipokuwa mdogo.

Atazoea. Na wewe ukipona mafua utamrekodia, basi tutakuwa tumemaliza. Spana akikupa nafasi ya kuongea, piga.

Mama yako anayekupenda, hata akinuna


Ijumaa, 18 Julai

Mwanangu,

Barua yako ilifika siku moja baada ya yangu kuondoka. Zimepishana njiani kama watu wawili wasiojuana.

Nilikaa chini kama ulivyoniambia. Nilimshika Chiriku mkono, yeye akaushika wangu zaidi.

Halafu nikatoka na kanga ya jikoni, viatu sikumbuki. Nilimkuta binti anafungua duka. Nikamwambia nirudishie ile, mpya hii hapa, kilichoongezwa kaa nacho. Akaenda nyuma, akarudi mikono mitupu. Mabovu yamechukuliwa na gari la wanaokusanya. Nikamwambia nionyeshe lilikokwenda, nitachambua moja moja. Akasema, "Mama, hata ukiipata haina kitu. Tulifuta hapa, ukabonyeza." Nikamuuliza kilichofutwa huwa kinakwenda wapi. Akanipa kiti.

Nilikaa kwenye kile kiti. Wateja wakaja wakanunua vocha, wakaondoka.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Nilitaka kukugombeza kwa methali hiyo, nikaona haikufai. Wewe uliniomba kwa maandishi, "Usibadilishe. Nakuomba." Nimeisoma tena barua yako ya mwezi wa sita. Neno lenyewe lipo, nakuomba. Mtu anaombwa na mwanawe halafu anakwenda kubonyeza.

Nasikia kidole changu. Sijui kama unanielewa. Nikitia chumvi, nikifunga kitasa, nakisikia.

Tundu la shingoni unalifunika? Vumbi lisiingie. Wanakusafisha? Nani anakushika wakikusafisha? Mimi niko hapa nakuandikia kuhusu tangawizi.

Chiriku anatafuta. Anazunguka na tableti mpya chumba hadi chumba, anaiinua juu, kama mtu anayetafuta mtandao.

Mama yako


Jumapili, 27 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua zako zote mbili zilifika pamoja. Nilianza na ile ya kusifu tableti mpya.

Sitakudanganya, niligeukia ukutani siku nzima. Kesho yake nikasoma tena mahali penye paja la Chiriku. Mama, ningekuwepo ningeitupa mwenyewe, tena mbali kuliko wewe. Swali lile la "una uhakika" lilikuwa langu kulijibu mapema, nikaliacha likakukuta wewe kaunta. Kosa tuligawane, usilibebe peke yako, miguu yako yenyewe mibovu.

Nakuomba tena, safari hii nikueleze sababu. Gereji wamechanga, wameninunulia tableti iliyotumika. Fundi wa hapa ameweka picha. Ndani yake yupo yule yule mwanamke wa redio, kumbe yuko kila mahali. Jana nesi aliniuliza kama naumwa, nikabonyeza, mwanamke akajibu kwa furaha kama anatangaza hali ya hewa. Wodi nzima ilicheka. Mimi pia, ingawa kicheko changu sasa ni upepo tu.

Simtaki. Rekodi wewe, Mama. Mrekodie Chiriku, na maneno hayo hayo binti atanitumia mimi. Spana anasema nitakuwa mwanaume wa kwanza gereji kugombana na wateja kwa sauti ya mama yake. Wacha waseme. Niongezee maneno matatu, "usinishike", "niache nilale" na "nataka kwenda nyumbani".

Daktari hasemi mengi. Anasema tutaangalia. Nikimtazama usoni anaangalia karatasi.

Mwanao


Jumatano, 6 Agosti

Mwanangu,

Nimefanya. Binti alifunga duka mapema, akaweka kibao cha "tunarudi", akamkalisha Chiriku kwenye kiti kile kile changu. Hakutaka malipo. Ameshakutumia, labda umeshasikia kabla ya barua hii. Kama umeshasikia, usinicheke, sauti ya uzee haina mapambo.

Njaa nilisema vizuri. Bado, vizuri. Sitaki nilisema kwa ukali, maana najua wewe huwa husemi kwa ukali, watu wanakupanda kichwani. Naumwa nilirudia mara nyingi, kila nikisema sauti inavunjika. Binti akauliza tuiache hiyo ya kuvunjika? Nikasema futa. Mwanangu akiumwa aseme kama mtu mzima, kulia nitalia mwenyewe. Usinishike na niache nilale nilizisema nikiwa nimefumba macho. Nataka kwenda nyumbani niliisema mara moja tu. Sikuweza ya pili, utaichukua hivyo ilivyo.

Kwenye Maji, nilisema maji, kisha nikageuka nikapiga kelele, "Nani kaacha mlango wazi?" Binti aliruka. Chiriku akainuka kwenye kiti, akaenda akafunga mlango wa duka, akarudi akakaa. Ni mara ya kwanza tangu mwezi wa saba kumwona ametulia. Wewe huko hospitali ukibonyeza Maji watakuelewa vibaya. Watafunga mlango, kisha ndipo watakuletea maji.

Mwisho tukafika kwenye picha yangu, ile uliyonipiga kilemba kikiwa kimeenda upande. Binti akasema, "Sasa sema Mama." Nikafungua mdomo. Mwanangu, neno lile nalijua kwa kusikia. Nimelisikia kwenu miaka yote, na mara ya mwisho kulisikia kwa sauti yako nilikuwa uani naanika nguo, nikaitika bila kugeuka. Nikijisemea mwenyewe, nani atakuwa ameniita? Yule wa redio naye sikumtaka aniite, sikumzaa.

Nikamwambia binti aiache tupu. Akasema, "Lakini mama, wakibonyeza haitasema kitu." Nikamwambia ndivyo.

Kwa hiyo usishangae. Ukibonyeza pale patakuwa kimya, si ubovu. Wakikuruhusu njoo. Wasipokuruhusu nitakuja mimi na Chiriku, miguu itajijua.

Jana alikaa kwenye kizingiti na tableti yake. Akaibonyeza picha yangu, akanitazama. Kimya.

Nikaitika.

Mama yenu